Ukimlipa Nahodha, Umenunua Nini?

"Nimelipa." Neno hilo nimelisikia mara nyingi kwenye fukwe zetu, lakini Desemba moja pale Kilifi lilinichoma kuliko siku nyingine zote. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Bwana mmoja wa makamo alikuwa ameteremka ufukweni na wanawe wawili, wamevaa kofia mpya, wamebeba sanduku kubwa la barafu. Mashua ilikuwa tayari, fimbo za kuvulia zimesimikwa tezini, baharia ameshakata chambo. Nahodha, mzee aliyepita miaka sitini, alikuwa ameutazama mlango wa hori kwa muda mrefu, pale maji yanayotoka yanapokutana na mawimbi yanayoingia. Kisha akasema kwa upole: "Bwana, tusiharakie nje. Tuvue humu horini mpaka maji yaanze kujaa. Pale mlangoni patalainika, ndipo tutoke." Yule bwana hakuuliza sababu. Alijibu: "Mzee, mimi nimelipia kwenda nje. Nimelipa."

Mzee hakubishana. Aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa noti zilizokunjwa, akazihesabu mbele ya wale watoto na kumrudishia mwenyewe zote. Bwana akatafuta mashua nyingine, na akaipata, kwa sababu kwenye shida hakosekani mtu wa kusema ndiyo. Walirudi baada ya saa moja na nusu, wamelowa chapachapa, mtoto mdogo amejikunyata chini anatapika, fimbo moja imevunjika. Hakuna aliyekufa, wala sisimulii habari hii ili kumtia mtu hofu. Naisimulia kwa ajili ya lile neno. Kutwa nzima nilikuwa nikijiuliza yule bwana alidhani amenunua nini.

Msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ndio msimu wa joto na wa bahari tulivu kwetu, na ndio msimu wa wageni. Zamani uvuvi huu wa mchezo, wa kukodi mashua na mtu wa kukuonyesha maji, tuliuona kuwa shughuli ya Wazungu. Ernest Hemingway alikuja kuvua Malindi mwaka 1934, na hadi leo mji unamtaja. Waliomwonyesha maji siku hizo, waliojua mwamba uko wapi na samaki hupita saa ngapi, ni wachache sana wanaoweza kuwataja. Siku hizi mambo yamebadilika. Wanaokodi mashua Watamu, Mtwapa, Shimoni au Mafia ni pamoja na watu wetu wenyewe: mwalimu aliyeweka akiba mwaka mzima, kijana wa benki aliyetoka Nairobi na rafiki zake, jamaa waliorudi likizo kutoka Muscat au London wanaotaka watoto wao waione bahari ya babu zao. Nalifurahia jambo hili kwa moyo wangu wote. Bahari ni yetu, na kuvua kwa raha si dhambi. Ila naona tumeichukua fimbo, na adabu yake tumeiacha ufukweni.

Turudi kwenye lile swali. Mashua ina bei. Mafuta yana bei, tena yanapanda kila kukicha. Barafu, chambo, mshipi mpya, leseni, posho ya baharia, vyote vina bei. Lakini kilichokutoa nyumbani hasa hakimo kwenye risiti. Ni kile anachokijua yule mtu aliyeshika usukani.

Anajua mwezi. Anajua kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji kwenye pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, yakitoka kwa kasi kwenye mikoko na kuchukua kamba na visamaki, na kwamba kolekole na mzia hukaa kwenye kona za hori wakisubiri kuletewa chakula kama watu waliokaa mezani. Anajua kwamba siku za maji mafu samaki wale wale huzagaa, na mgeni anaweza kutupa ndoana kutwa asipate hata wa kuonja. Akiona membe wanashuka na kupanda mahali pamoja, anajua chini yao kuna jodari wanaosukuma dagaa juu, na anajua pia kwamba ukiipitisha boti katikati ya kundi lile utalitawanya, kwa hiyo anazunguka pembeni, anarambaza polepole, anakuambia, "Subiri." Anajua mlango wa mwamba kwa kupanga mnazi fulani na paa la nyumba fulani. Haya hayakuandikwa popote. Aliyapata akiwa mtoto kwenye ngalawa ya baba yake, kwa kupigwa na jua, kwa kulala njaa, na pengine kwa kumzika ndugu aliyechukuliwa na maji.

Sasa, mtu akiyajua yote hayo na wewe huyajui, fedha zako zinakufanya nani kwake? Jibu langu ni kwamba zinakufanya mwanafunzi wake wa siku moja. Ada umelipa, na ada haimpi mwanafunzi haki ya kumfundisha mwalimu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, nao waliyasema hayo wakijua kwamba huyo nahodha wa pili mara nyingi ni abiria mwenye pesa.

Nakushauri jambo hili nikiwa na deni langu mwenyewe, na nitalieleza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ndiyo kwanza nimepata kazi mjini, nikaja nyumbani na wenzangu wawili wa ofisini. Nilikuwa nimewaahidi kwamba mjomba wangu atawapeleka kuvua nguru. Mjomba alikuwa na mashua ya mbao yenye mashine ndogo, na siku za likizo aliwachukua wageni. Tulivua kutwa bila kitu. Alasiri, saa kumi na nusu hivi, nguru wakaanza kushika. Mmoja, wa pili, wa tatu. Mjomba akatazama wingu lililokuwa likipanda upande wa kusini, akasema, "Haya, tukunje." Nikamwambia, "Mjomba, dakika kumi tu." Akanyamaza. Nikarudia. Nikamwambia kwa sauti ambayo wenzangu wangeisikia, "Usiniaibishe mbele ya wageni wangu."

Alinipa dakika kumi, zikawa nusu saa. Mvua ilitukuta nje ya mwamba, jua limekwisha kuzama, mnazi wa kulengea hauonekani. Tuliukosa mlango. Mashua ilipanda fungu, ubao wa chini ukapasuka, pangaboi likavunjika. Tulikaa pale juu ya mchanga tukitetemeka hadi maji yalipojaa usiku wa manane na wavuvi wa jirani wakaja kutukokota. Mjomba alikaa zaidi ya miezi miwili bila mashua, na ulikuwa ndio msimu wenyewe, miezi inayomlisha mtu wa bahari wakati kusi inapofunga kazi. Nilimtumia pesa kidogo. Hazikufika hata nusu ya gharama. Hakuwahi kunidai. Alipoulizwa na watu kijijini alijibu, "Kosa langu. Nahodha ni mimi."

Miaka mingi nililichukua jibu hilo kama msamaha. Siku hizi nalielewa vizuri zaidi. Mtu anayekuongoza majini hubeba lawama ya kila uamuzi, hata ule uliomlazimisha kuufanya. Ukimsukuma akakataa, anapoteza kibarua. Ukimsukuma akakubali na mambo yakaharibika, anapoteza chombo, leseni na jina, na wewe unarudi ofisini Jumatatu ukiwa na kisa cha kusimulia. Ndiyo maana nasema ubaya unaanzia kwenye ule msukumo, hata kama mlirudi salama. Mtu mwenye uwezo wa kumnyima mwenzake mlo wa jioni asimwombe jambo ambalo huyo mwenzake ameshalikataa mara moja. Muulize sababu, ndiyo. Nahodha mzuri hufurahi kuulizwa. Lakini uliza ili ujue, na ukishajibiwa, yaishe.

Maji matamu nayo yana "hapana" zake. Nimewahi kukaa na waongozaji wa uvuvi kwenye Ziwa Victoria, na kitu wanachohangaika nacho sana ni mgeni anayelitazama ziwa mchana, limetulia kama maziwa kwenye bakuli, akaomba walale majini au waondoke kisiwani saa nane za usiku ili wawahi sangara. Lile ziwa, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina tabia yake. Usiku nchi kavu inapopoa, maji bado yana joto. Upepo hutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda, na radi na dhoruba hupiga usiku na alfajiri. Utulivu wa mchana hausemi lolote kuhusu usiku unaokuja. Mvuvi wa kule analijua hilo kuliko mgeni aliyesoma utabiri kwenye simu akiwa Mwanza mjini, na akisema tutaondoka kukipambazuka, basi ni kukipambazuka.

Niseme kidogo kuhusu salamu, maana ndiko heshima inakoanzia na ndiko inakopotelea. Nahodha ni nahodha. Kama amekuzidi umri, kuna shikamoo, na haijafutwa na risiti. Si "wewe kijana" kwa mtu mwenye wajukuu, wala si kumpigia mluzi baharia akuletee maji. Kama ni rika lako, mwite kaka au bwana. Na baharia, huyu anayekufungia ndoana, anayeosha damu, ambaye jina lake hakuna anayeliuliza, yeye ndiye ambaye mwisho wa siku atakuwa ameshika samaki wako kwa mikono yake miwili kabla wewe hujamgusa. Muulize jina mapema.

Kuna "hapana" nyingine ambayo wageni huichukia zaidi kwa sababu hawaoni hatari yoyote machoni. Ni ile ya mpaka. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza za aina yake barani Afrika, na ndani ya eneo la hifadhi yenyewe hairuhusiwi kuvua. Majini hakuna ukuta. Mgeni anaona samaki wamejaa chini ya mashua, wakubwa, wasioogopa, na upande wa pili wa boya hapati kitu. Anamwegemea nahodha anamnong'oneza: "Nani atatuona? Nitakuongezea." Ndugu yangu, unajua umefanya nini hapo? Umemwambia mwenye watoto shuleni achague kati ya karo ya mwezi huu na kazi ya maisha yake. Akikamatwa, wewe utalipa faini na kuondoka na ndege ya jioni. Yeye atabaki pale. Na wale samaki wanaojazana ndani ya mpaka ndio wanaozaa wale wanaovuka nje, ambao wavuvi wa ngalawa wa vijiji jirani huwavua kwa ajili ya chungu. Ukiiba humo, umeiba kwenye jikoni za watu. Bakshishi ni kitu kizuri, nitaisema mbele, lakini ikitolewa ili kununua dhamiri ya mtu ina jina lingine, na jina hilo sote tunalijua.

Sasa tumfikie samaki mwenyewe, maana hapo ndipo nimeona watu wastaarabu wakibadilika.

Uvuvi wa mchezo una jambo moja gumu kulieleza kwa bibi zetu: kuna samaki unamvua kisha unamwachia. Mvuvi wa kitoweo huona ni wazimu. Nami sitaki kumdharau mvuvi wa kitoweo. Anayevua ili ale ana haki ambayo anayevua kwa raha hana. Lakini wewe hukuja kwa njaa. Umekuja kwa ule mshtuko wa mshipi unapokazwa, na ukishaupata, haki yako juu ya uhai wa yule kiumbe imekuwa ndogo sana. Akikuambia nahodha, "Huyu turudishe," ana sababu zake. Sulisuli na nduwaro wa pwani ya Kenya, kwa mfano, wengi hutiwa alama na kuachiwa. Taasisi ya African Billfish Foundation iliyoko Watamu imefanya kazi hiyo na mashua za huko kwa miaka mingi, ili samaki akivuliwa tena mahali pengine ijulikane amesafiri wapi na amekua kiasi gani. Chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao wakishakua hugeuka kuwa madume. Ukiwaua wakubwa tu kwa ajili ya picha, unalinyang'anya jabali zima madume yake.

Na sangara. Huyu ana historia chungu. Aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akaongezwa tena mapema miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza furu wa aina nyingi ambao hawakuwahi kupatikana kokote duniani isipokuwa ziwani humo. Kuna wanaoniuliza kwa nini tumhurumie mvamizi. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba leo maelfu ya familia za Tanzania, Uganda na Kenya zinakula na kusomesha kwa samaki huyo, na wengi wa wale sangara wakubwa kabisa, ambao mgeni huwaota, ni majike wenye mayai. Ndiyo maana kwa miaka mingi kipimo kilichozungumzwa ziwani kimekuwa sentimita 50 hadi 85: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Sheria za kila nchi zimebadilika hapa na pale, kwa hiyo muulize mwongozaji wako ya mwaka huu ikoje. Kwenye maji ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977, uvuvi wa mchezo ni wa kuvua na kurudisha. Na kama umesikia bei ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, siku hizi, utaelewa kwa nini mwongozaji anayemrudisha samaki wa kilo sitini majini mbele ya macho yako anafanya jambo zito. Usimcheke. Ameachia pesa nyingi ziogelee zake.

Lakini kumwachia samaki kuna namna yake, na kumwachia vibaya ni sawa na kumuua ukiwa huoni. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Msimu huu tunaoupenda, mchana wa jua kali, kwenye hori lenye kina kifupi, samaki aliyepigana dakika arobaini kwa mshipi mwembamba amechoka kiasi ambacho hata akienda zake huenda asipone. Kwa hiyo akikuambia nahodha utumie mshipi mzito zaidi, anamfikiria samaki. Hakuharibii raha. Akikupa ndoana ya duara, ile inayonasa pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa tumboni, itumie, na usivute kwa nguvu samaki anaposhika. Kunja mshipi taratibu, itajinasa yenyewe. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu ule ute wa ngozi yake ndio kinga yake dhidi ya magonjwa. Usitie vidole kwenye matamvua. Usimning'inize samaki mkubwa kwa taya, uzito wote ukining'inia hewani, maana mwili wake uliumbwa kubebwa na maji. Mshike mlalo, mkono mmoja chini ya tumbo. Aliyetoka kwenye kina kirefu bondo lake huwa limejaa hewa. Huyo asikawie juu hata kidogo.

Na picha? Shikilia pumzi yako mwenyewe wakati samaki yuko nje ya maji. Ukihitaji kuvuta hewa, naye anayahitaji maji. Kipimo hiki nilifundishwa na baharia mmoja kijana, na tangu siku hiyo sijakihitaji kingine. Nimeona mtu akimlaza kolekole mzuri kwenye sakafu ya boti yenye joto, akatafuta simu, akafuta kioo, akaomba apigwe ya pili kwa sababu ya kwanza alifumba macho, akavua kofia, akapigwa ya tatu, kisha akamtupa samaki majini na kusema kwa fahari, "Nenda ukaishi." Samaki aligeuka tumbo juu. Baharia alitazama upande mwingine. Nilimwonea huruma yule baharia, kwa sababu kwao nyumbani samaki yule angekuwa chakula cha watu wanane, na sasa hakuwa chakula wala hakuwa hai. Kama umeamua kumrudisha, mrudishe kwa nia ya kweli: mshike pembeni mwa boti kichwa kikielekea mkondo, mpe muda, mpaka mwenyewe akupige mkono kwa mkia. Na kama ameumia hatapona, na sheria inaruhusu, achukuliwe akaliwe.

Hapo linakuja suala la nani anachukua samaki. Ziko mashua ambazo samaki aliyeuawa ni wa mashua, na kumuuza samaki huyo ni sehemu ya riziki ya mabaharia. Ziko nyingine mnagawana. Ulizeni kabla ya kung'oa nanga, msije mkavutana mkia wa nguru ufukweni mbele ya watu. Mimi hupenda desturi ya mgeni kuchukua mlo mmoja na kuacha waliobaki, lakini hilo ni langu.

Ukirudi nyumbani, sema kweli. Nani aliona samaki? Nani alimtegea? Nani aliigeuza mashua kwa haraka mshipi usikatwe na mwamba? Chama cha kimataifa cha uvuvi wa mchezo, IGFA, kilichoanzishwa mwaka 1939, kina kanuni kwamba mtu mwingine akiigusa fimbo au mshipi wakati mvuvi anapambana na samaki, samaki huyo haingii kwenye rekodi. Kanuni hiyo ni ya mashindano, na hakuna anayekutaka uishike ukiwa likizoni na watoto. Lakini roho yake inatufaa sote. Baharia aliyeshika fimbo robo tatu ya pambano kisha akakukabidhi wakati samaki amechoka, amekupa zawadi. Ukisema mezani "nilimvua mwenyewe," umeiba zawadi hiyo. Ukisema "tulimvua," huongopi, na samaki hapungui hata kilo moja.

Itatokea siku usipate kitu. Itatokea, maana samaki hawana mkataba na mtu. Siku hiyo ndiyo inayomwonyesha nahodha wewe ni nani. Nimemwona mgeni akikata theluthi ya malipo kwa sababu sanduku la barafu limerudi tupu, kana kwamba mafuta yaliyoungua yalirudi kwenye tangi. Nahodha alifanya kazi zaidi siku hiyo kuliko siku ya neema: alihama sehemu sita, alibadilisha chambo mara kumi, alikosa hata muda wa kula mkate wake. Lipa chote mlichokubaliana, tena lipa kwa mkono na kwa maneno. Bakshishi mpe baharia mwenyewe mkononi mwake, bila kupitia kwa mtu. Na siku tupu, ukiweza, iongeze kidogo.

Nina neno pia kwa nyinyi mnaoongoza, maana wengi wenu ni ndugu zangu na mnanisoma. Msiahidi samaki. Ahidini safari, juhudi na kurudi salama. Anayemwambia mgeni "leo lazima utapata" ndiye anayemfundisha kukasirika jioni. Msikubali kutoka kwa sababu mwenzenu amekubali. Maboya ya kujiokolea yatolewe kabla hayajaombwa, na mtoto avalishwe hata kama baba yake anacheka. Najua ni rahisi kwangu kusema nikiwa nimekaa kwenye kiti, na kusi ikikaza mwezi wa Juni hakuna mwandishi atakayewalipia unga. Hata hivyo yule mzee wa Kilifi alirudisha noti zake asubuhi ile, na msimu uliofuata nilimkuta hana nafasi kwa wiki tatu. Waliomtafuta walikuwa watu waliosikia habari zake, na wengi wao walikuja na watoto.

Mjomba wangu hayupo tena. Mashua aliitengeneza, akaivulia miaka mingine tisa, na sasa mwanawe anaendesha ya kwake, ya fiba, yenye mashine mbili. Mwaka jana nilipanda naye. Saa tisa alasiri akasema, "Kaka, tukunje," na samaki walikuwa wakishika. Nilikunja mshipi wangu kabla hajamaliza kusema, na hatukuzungumza chochote mpaka tulipouvuka mlango.

Ndugu msomaji, likizo hii ukiteremka ufukweni na wanao, wapeleke kwanza kwa nahodha wamwamkie. Mwombe awaeleze maji ya siku hiyo yakoje, wakae wamsikilize. Na akisema leo hatutoki, washike mikono mrudi mkanywe chai, na usimdai arudishe kitu ila kile mlichokubaliana.